Mama wa Miche Tuliyemkalisha kwa Makofi

Yule mama wa miche wa Kalimoni ametuacha. Simu ilinipata Jumanne nikimwagilia maji hapa naseri yangu ya miche kando ya barabara, Ruiru. Aliyepiga ni mwenzangu wa Mwihoko, na huyo hata akikuambia habari ya asubuhi, ng'ombe za Juja zinasimama kusikiliza. Hiyo siku aliongea pole. "Mzee, umesikia? Mama wa Kalimoni ameenda. Presha." Nikasema pole, nikakata simu, na mpira wa maji ukaendelea kumwaga mpaka viatu vyangu vikaanza kuogelea. Nyinyi mnaonisoma hapa kila wiki mmezoea nikiwachekesha. Leo nivumilieni, maanake nina aibu, na aibu yangu ukiiweka kwa lori, lori inakataa kupanda mlima.

Kama hamkumjua, huyo mama alikuwa mtu wa kugrafti avokado. Hiyo kazi iko hivi: unachukua mche wa kawaida, unaukata kichwa, unauunganisha na kijiti cha mti unaozaa vizuri, halafu unafunga na utepe mpaka vishikane, na hapo panabaki kovu. Mche ukigraftiwa, mwenye shamba anakula matunda mapema. Usipograftiwa, anangoja miaka na miaka, na hata hajui atapata nini. Mikono ya huyo mama, aki, angegrafti mguu wa kiti na kiti kingezaa. Lakini kuongea, hapana. Salamu yake peke yake ilikuwa inachukua robo saa kutoka mdomoni.

Sasa mwaka uliopita watu wa naseri tuliitwa mkutano kwa hoteli moja ya Thika. Mkutano wa heshima: kadi ya jina shingoni, kalamu ya bure, chupa ya maji kwa kila mtu, na soseji za saa nne ambazo nilikula mpaka weita akaniuliza kama nimekuja na familia. Mimi ndiye niliyepewa maiki, kwa sababu ya huu mdomo. Na mnajua mikutano yetu, mtu akimaliza kuongea lazima MC aitishe makofi. Kuna makofi ya kilo, kuna makofi ya mvua. Mimi nilikuwa nimetengeneza yangu, makofi ya kukalisha. Mtu akirefusha maneno nasema tu, "Jameni, tumshukuru!" Ukumbi mzima unapiga, na hakuna binadamu anaweza kuongea juu ya makofi. Anatabasamu, anakaa. Kufikia saa ya chakula nilikuwa nimekalisha wazee watano, na najiona kama gavana.

Saa nane mama akasimama na karatasi imekunjwa mara nne. Karatasi inapiga kelele kwa maiki kama mabati kwa upepo. "Habari zenu. Mimi natoka Kalimoni. Nataka kuongea juu ya utepe."

"Mama, ongeza sauti, nyuma huku wamelala!" nikamwambia. Watu wakacheka. Hakukaa.

"Kuna miche inauzwa huku barabarani," akasema, "imefungwa utepe na haijagraftiwa. Ukifungua, hakuna kovu. Mimi nimefungua. Nikauliza mwenye shamba alinunua wapi, akaniambia..."

Hapo sikungoja. "Jameni, tumshukuru mama!"

Makofi ikalia. Aliinua mkono, nikaona midomo yake ikisema sijamaliza. "Ongezeni kilo mbili!" nikapiga kelele, na watu kama mia wakaongeza. Mama akakunja karatasi, akakaa.

Hakuna mtu alijua kwa nini niliharakisha. Mimi nilijua. Ile miche ilikuwa yangu. Msimu huo vijiti vilikuwa vimeniishia, wateja wamejaa, nikafunga utepe kwa miche mitupu nikauza. Nilidhani anataka kunitaja mbele ya watu. Saa ya chai alinipita mlangoni akasema, "Baba, unaijua kazi ya maiki." Mpaka leo sijui kama alinisifu ama alinitukana. Ningechagua matusi.

Tulimzika Ijumaa. Binti yake, ambaye anashona nguo huko Thika, alinishika mkono kwa mikono yote miwili. "Anko, si ni wewe ulikuwa na maiki? Mum alituambia! Alisema watu mia wamempigia makofi mpaka akashindwa kumaliza. Tulichinja kuku hiyo siku." Kisha wakanipa nafasi niongee kama mtu wa kazi yake. Nikasema kichekesho. Watu wakacheka, wakanipigia makofi, nikarudi Ruiru nikiwa mdogo kuliko mbegu ya mboga ya terere.

Nikaona siwezi kuandika haya kabla huyo msichana hajayasikia kwangu. Jumapili iliyofuata, watu wakitoka kanisa, nikaenda Kalimoni kwa mama yake, nikavua kofia, nikamwambia ile makofi ilikuwa ya nini. Akasukuma kikombe cha chai kando. Halafu akauliza, "Sasa mum alikuwa anataka kusema nini?"

"Atasema nini? Angesema mimi ni mwizi."

"Alikuambia hivyo?"

"Nilimkatiza."

Akaingia ndani, akarudi na mkoba wa mama yake wa safari, akatafuta mpaka akapata ile karatasi. Hakunipa. Aliisoma mwenyewe, polepole. Hapakuwa na jina langu, hapakuwa na jina la mtu yeyote. Mama alikuwa ameandika kwamba anajua vijiti huisha na wateja huwa wengi, na kwamba shambani kwake kuna miti mitatu inayozaa vizuri. Mtu yeyote wa naseri akiishiwa, aje Kalimoni akate bure, ili asilazimike kudanganya watu.

Nilitafuta pa kuangalia nikakosa, hata kuku wa hiyo boma walikuwa wananiangalia. Binti akakunja karatasi. "Kisu cha kukata vijiti utakuja nacho," akasema. "Ameandika mtu yeyote, Anko. Mimi nitafanya nini."

Kwa hivyo nyinyi mlionunua avokado kwangu ule msimu, fungueni utepe. Usipoona kovu, niite shambani, nitakugraftia na kijiti cha huyo mama, na unitukane vile unataka nikifanya kazi. Mkutano mwingine uko karibu na nimewaambia watafute MC mwingine. Mimi nitakaa nyuma, mikono kwa mifuko. Na huyo watakayempata, mwambieni hivi: mtu akisimama na karatasi yake, mngojeni mpaka afike chini. Lile neno mnaogopa atalisema, huenda hata hajaliandika.