Baba Alinifungia Ndani, na Swali Lake Halikuja

Sauti ya komeo. Chuma kinaingia kwenye chuma, kwa nje, na mimi niko ndani. Tangu mwezi uliopita naisikia hata nikiwa naosha vyombo.

Admin, usitaje jina langu wala kijiji, sema tu Karatu. Nina miaka ishirini na saba, nimemaliza chuo, bado nasubiri ajira, na naishi na baba yangu. Mama alishafariki. Baba ni mwalimu mstaafu. Ujanani alipigana vita vya Uganda, na sasa anaandika riwaya, zile za hofu inayokuja taratibu, ambazo mtu mzima anasoma huku akigeuka kuangalia mlango.

Wasomaji wake hawajui jinsi anavyoziandika. Hofu haitungi, anaijaribu, na tangu utotoni anaijaribu kwangu. Atajificha kwenye mahindi nimwite mpaka sauti ibadilike, kisha atatokea anacheka: "Haya mama, umehisi nini kwanza? Mikono au tumbo?" Namjibu ukweli, na jibu langu nalikuta kitabuni. Sikuwahi kuona ni vibaya. Nilijivunia. Wenzangu walikuwa na baba wa kuwanunulia viatu. Mimi nilikuwa na baba aliyetaka kujua ninavyohisi.

Anaandikia kwenye nyumba ya babu, ile ya zamani ya Kiiraqw iliyochimbwa kilimani, paa lake la udongo likilingana na ardhi ili wezi wa ng'ombe wapite bila kuiona. Mchana mmoja mwezi uliopita nilimpelekea chai humo. Yeye akatoka, komeo likalia. Nikatabasamu gizani, nikasubiri swali.

Halikuja. Nikasikia nyayo juu ya paa, vumbi likaniangukia kichwani. "Baba, nimeshahisi, fungua!"

Akanong'ona kwa sauti nisiyoijua. "Nyamaza, we kuruta. Wako mtoni. Ukikohoa tumekwisha."

"Baba, ni mimi!"

"Nyamaza, au nakunyamazisha mwenyewe."

Nikakaa chini, nikaziba mdomo kwa kanga. Aliyenifungulia ni shangazi, jua likikaribia kuzama. Baba alikuwa amelala kifudifudi juu ya paa, panga mkononi. "We kaka, unawinda panya?" shangazi alisema, akijaribu kucheka. Alicheka peke yake.

Wakati wa chakula nikamuuliza, "Baba, ile ilikuwa ya kitabu?"

Aliniangalia, akaiangalia kanga yangu yenye udongo. "Ndiyo, ya kitabu. Umehisi... umehisi nini kwanza?" Tonge la ugali lilikuwa linatetemeka mkononi mwake. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Hakukumbuka chochote. Alikuwa ananipeleleza mimi ajue amefanya nini.

Imejirudia tangu siku hiyo, na kila mara panga liko karibu. Shangazi anasema, "Mwanangu, nusu ya watu hapa wamefundishwa na Mwalimu. Ukimpeleka kwa daktari wa akili, kesho watoto watamzomea barabarani. Vumilia, ni uzee." Lakini shangazi halali nyumbani kwetu.

Kwa hiyo msinishauri kama nimpeleke. Nimeshampeleka. Jana niling'oa komeo nikalitupa chooni. Leo asubuhi nikamwambia, "Baba, tuseme kwenye kitabu chako kuna mtu anayesahau alichofanya. Twende hospitali uone daktari anavyomhoji mtu wa namna hiyo." Akavaa koti lake la kufundishia.

Naandika haya nikiwa kwenye benchi. Muuguzi alipomwita alisimama, akafika mlangoni, akanigeukia.

"Mama," akasema taratibu, "umehisi nini kwanza?"

"Tumbo, Baba."

"Mimi mikono," akasema, akaingia, mlango ukafungwa.

Ndugu zangu, nasubiri kwenye benchi na sijui. Akitoka, nimwambie nini?