Kimya Walichonipa Wodini

Mie ni mtu wa Masasi. Miaka ile ya Ujamaa nilikuwa mtunza bustani kwenye nyumba za wafanyakazi wa serikali, Kinondoni. Nilikuwa na nguvu, sijui hata homa. Kutwa nzima nilisukuma mashine ya kukatia majani, ile isiyo na injini: ukiisukuma, magurudumu yanazungusha visu. Kwa kuwa ilikuwa ya mkono, niliidharau. Niliisukuma nimevaa kandambili.

Asubuhi moja visu viligoma. Kijiti kilikuwa kimekwama. Nikaiacha mashine palepale kwenye mteremko, nikaingiza mkono wa kushoto. Kijiti kilipotoka, mashine iliteremka kidogo tu, hata hatua haikufika. Visu vikazunguka. Ncha ya kidole changu cha shahada ikabaki inaning'inia kwenye ngozi. Niliuona mfupa, mweupe, na maumivu yalikuwa bado hayajafika.

Nilikifunga kwa kitambaa nilichokuwa nafutia mashine. Mwenzangu, Ndugu Matei, akaniambia, "Nenda zahanati ukachomwe sindano."

"Kidole tu hiki, ndugu yangu," nikamjibu.

Kama wiki moja baadaye, nyumbani Manzese, nilishindwa kufungua kinywa kula ugali. Mke wangu, Somoe, akauliza, "Baba Hamisi, jino?" Kesho yake shingo ikakakamaa. Kisha mgongo ukapinda kama upinde, nikagusa godoro kwa kisogo na visigino tu. Nilijing'ata ulimi. Akili yangu ilikuwa timamu, nikisikia kila kitu.

Mama mkwe akasema, "Huyu kapandwa. Aitwe mganga."

"Nisamehe mama," Somoe akasema. "Kidole kinanuka. Tunakwenda hospitali."

Daktari alinitazama usoni, akatazama kidole. "Pepopunda," akasema. "Imeingilia kwenye kidonda." Walinichoma sindano, wakakata pingili iliyooza, wakanipitishia mpira puani wa kunilishia uji. Wakanilaza kwenye chumba chenye giza, pembeni mwa wodi. Kelele yoyote ilinikamata. Kijiko kikianguka, mwili mzima ulijikaza hadi pumzi ikakatika. Nilijikojolea. Nililia bila sauti.

Kisha siku moja, saa ya kutazama wagonjwa, sikusikia kitu. Watu hawakucheka, wala viatu havikulia sakafuni. Nikajua nimekufa.

Nesi aliyeingia kunigeuza aliona macho yangu. Akaniinamia, akanong'ona, "Mkeo yuko mlangoni. Kila anayekuja anamwomba avue viatu."

Nao walivua! Watu wasionijua, wenye wagonjwa wao, na vyakula vyao mikononi, walipita pekupeku na kusalimiana kwa macho. Mzee mmoja mgonjwa wa kifua alikuwa akikohoa ndani ya mto wake. Siku baada ya siku, wodi nzima ilinyamaza ili mtu mmoja apumue. Nimezeeka sasa, na bado sijapata maneno ya kulieleza jambo hilo.

Taratibu mwili ulilegea. Somoe alipima kinywa changu kwa vidole vyake: kikapita kimoja, baadaye viwili. Nilijifunza kutembea kwa kushika ukuta. Nilipoweza kumeza uji mwenyewe, daktari alisimama akinitazama. "Wengi niliowaona katika hali yako hawakutoka," akasema. "Na kuugua hakukukingi. Lazima uchanjwe."

Nilichanjwa, nikarudi kwenye mashine ileile. Ndugu zangu mnaoisukuma, isimamisheni kwanza mahali tambarare, myazuie magurudumu kwa jiwe. Kilichokwama kitoeni kwa fimbo, kamwe si kwa mkono, kwa maana visu vinaweza kujizungusha vyenyewe. Vaeni viatu vya kufunika vidole. Okoteni mawe na nyaya kabla ya kuanza, na watoto wakae mbali. Ukikatwa, hata kidogo, osha kwa maji na sabuni, uende zahanati siku hiyohiyo.

Namshukuru Mungu, na yule daktari, na nesi. Somoe nimemshukuru kila siku, naye hujibu, "Kula, chakula kinapoa." Lakini wale wa pekupeku sikuwahi kujua majina yao. Huenda mmoja wao anasikia maneno haya. Mie ndiye niliyekuwa kwenye chumba cha giza. Nilipona.