Mama Gambuti na Viatu Vyangu vya Kahawia

Wengi wanaokwenda kuona msitu wa mlimani hurudi na hadithi za nyani na maporomoko ya maji. Mimi nitasimulia habari za mwanamke anayeosha gambuti. Anayetaka nyani atafute msimulizi mwingine.

Kwanza sikutaka kwenda. Nimepiga pasi mashuka ya hospitali kwa miaka thelathini na moja, nimestaafu, na nilichoomba ni kuachwa nikae kwangu. Lakini binti yangu, anayeishi mbali na hunipigia simu kila Jumapili, alinikatia nafasi kwenye basi la matembezi ya siku moja. "Baba, toka humo ndani, utaota kuvu," akasema. Ni mbishi kama marehemu mama yake. Nikaenda.

Tulikuwa abiria thelathini. Kiongozi wa msafara alikuwa bwana mwembamba mwenye filimbi shingoni na maneno mengi mdomoni. Kiti cha nyuma kabisa alikaa Mama Gambuti, amezungukwa na viatu vya mpira, kwa sababu njia za msituni ni tope tupu. Kwenye lango la hifadhi kila abiria huacha viatu vyake chini ya kiti na kuvaa gambuti. Mama huyu hakuulizi namba ya mguu. Anatazama ulichovaa, basi. Alipofika kwangu aliinama akakikagua kiatu changu cha kushoto kama daktari anayekagua ulimi wa mgonjwa.

"Kisigino hiki kimeshonwa upya," akasema. "Na aliyeshona alikuwa na haraka."

"Nimeshona mwenyewe," nikamjibu kwa ukali.

"Ndiyo hivyo," akasema, akanipa gambuti zilizonikaa sawasawa.

Habari zake alinipa dereva baadaye, ila naziweka hapa zisije zikanipotea. Baba yake alikuwa fundi viatu, naye alikulia chini ya meza ya baba, akimpa misumari. Sura za watu humtoka kichwani. Anaweza kumpita jirani yake sokoni bila salamu. Kiatu akikiona mara moja, hakisahau. Mumewe alipofariki na kumwachia watoto watatu, alianza kufagia kwenye yadi ya mabasi. Aliwaona abiria wakirudi na viatu vilivyoharibika, akamganda tajiri mwenye mabasi mpaka gambuti zikanunuliwa. Miaka kumi na moja sasa anazisugua kwa brashi, anazitundika juu chini kwenye vijiti, anazijaza magazeti zikauke. Watoto wote watatu wamesoma kwa gambuti hizo. Na muda wote huo hakuwahi kuingia msituni hata hatua kumi, kwa kuwa abiria wakienda kutazama, yeye hubaki analinda viatu vyao.

Msitu ulinishinda ubishi, nakiri. Miti mirefu mpaka shingo inauma, kila tawi limevaa kuvumwani kama ndevu, na matone yanadondoka hata kama mvua haijanyesha. Tatizo lilianza tukirudi. Nilibanwa na haja ndogo, nikaona haya kusimamisha msafara mbele ya akina mama. Nikachepuka kimya kimya. Nyuma ya mti wa kwanza bado nilisikia sauti zao, nikaenda wa pili, kisha wa tatu. Nilipomaliza, ukungu ulikuwa umeshuka na sikuiona njia.

Niliita mpaka koo likakauka. Nikakaa kwenye mzizi. Watanihesabu, nikajiambia, lazima watahesabu. Halafu nikawaza, na wasipohesabu? Ilikuwa Jumatatu. Wa kwanza kujua kwamba sikurudi angekuwa binti yangu, Jumapili, simu ikiita bila kupokelewa. Hapo niliogopa kweli.

Kumbe walishahesabu. Kiongozi alihesabu vichwa mara mbili akapata thelathini. Kulikuwa na basi lingine la kampuni ileile, rangi ileile, na abiria wake mmoja, hoi kwa uchovu, alikosea akaja kulala kwenye kiti changu, kofia usoni. Injini ikawashwa. Mama Gambuti, akipita kukusanya mali yake, akasimama hapo.

"Huyu ana viatu vyake mguuni. Hivi vya kahawia chini ya kiti ni vya nani?"

"Mama, twende," kiongozi akasema. "Watu wametimia."

"Watu wako wametimia. Wangu bado."

"Labda mtu ameviacha tu."

"Mtu aliyehangaika kushona kisigino mwenyewe haachi viatu," akasema, akakaa kwenye ngazi ya mlango. Abiria wakanung'unika, mvua ikaanza, hakuinuka mpaka dereva alipozima injini na yule aliyelala akaamshwa, akarudishwa kwenye basi lake. Kisha akavaa gambuti yeye mwenyewe, akaingia msituni na askari wa hifadhi.

Jina langu hakulijua. Nilichosikia kwenye ukungu ni sauti ya mwanamke ikipaza, "Mwenye viatu vya kahawiaaa! Kisigino cha kushotooo!"

"Ndiyo mimi!" nikapiga kelele. "Kisigino niko hapa!"

Alinifikia ametota, anahema.

"Mzee wangu, ulimuaga nani?"

"Sikumuaga mtu."

"Siku nyingine uniage mimi."

Ndani ya basi hakuna aliyepiga makofi. Wawili walinisonya, na nilistahili. Mama Gambuti akainama kunivua gambuti, nami nikajaribu kumwambia asante, badala yake nikalia. Mzee mzima, nalia mbele ya abiria thelathini kasoro mimi. Alijifanya hanioni, akaendelea kuvuta.

Tulipofika mjini jioni alinishika mkono kushuka ngazi.

"Nyumbani nani anakusubiri?"

"Hakuna."

Akachana kipande cha gazeti, akaandika namba yake ya simu. "Ukifika, nipigie."

"Nitakusumbua bure, mama."

"Nitakuwa naosha tope. Lakini nitapokea."

Nilifungua mlango, nikawasha taa, na kabla sijakaa nikapiga. Akapokea mara moja, nikasikia maji yakimwagika nyuma yake.

"Nimefika," nikasema.

Ni miaka minne tangu mke wangu afariki, na muda wote huo sikuwa na mtu wa kumwambia neno hilo.