Losheni Chini ya Gunia

Mama wa sukuma wiki ninayeuza kando yake sokoni Voi ana ualbino. Losheni yake ya jua huiweka chini ya gunia lile lile lililolowa linalotunza mboga zitokazo vilimani Bura, isiharibiwe na joto, na huipaka akianzia masikioni, huku akiita wateja. Jana Philister, anayesafisha vyumba kwenye loji, alimletea chupa ya losheni kama hiyo iliyoachwa nusu na mgeni. Mama akaitazama tarehe: ilikuwa imepita tangu mwaka jana. Akaminya kidogo kiganjani. Yakatoka maji, kisha madonge.

"Si ushukuru tu, mama? Hiyo ni ya bure," Philister akasema.

Mama akaimwaga yote mtaroni, akamrudishia chupa tupu.

"Hata saratani huja bure."