Binti Yangu na Joto la Julai

Baridi ya Julai hapa Songea haina mzaha. Sisi wa Bombambili huota moto wa mkaa hata mchana. Kwa hiyo sikuelewa binti yangu, mwalimu anayekaribia miaka hamsini, alipovua sweta mbele ya jiko akajipepea kwa kifuniko cha sufuria, jasho likimtiririka shingoni. Alikuwa amekuja likizo kutoka Nakapanya na uamuzi mmoja: shule zikifunguliwa, harudi kufundisha.

"Nasimama mbele ya darasa, Baba, neno nililolifundisha miaka yote linanitoka. Usiku silali. Sijielewi."

Nilimpeleka akapimwe malaria. Hakuwa nayo. Majirani wakaleta yao: amerogwa na mwalimu mwenzake anayetaka cheo, damu imempanda kichwani. Niliwadai ushahidi, kama nilivyowadai wanafunzi wangu enzi zangu, wakaondoka wamenuna. Lakini baada ya kuyafukuza maneno yao nilibaki mikono mitupu. Na yapo maswali ambayo baba, kwa malezi yetu, hamuulizi binti yake.

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mke wangu, akafika kutoka Hanga na mfuko wa maharage. Alimtazama binti yangu kidogo tu, akanigeukia.

"Shemeji, huyu anakoma hedhi. Vitabu vyote hivyo umesoma, kurasa za wanawake ukaziruka?"

"Nani kakwambia?"

"Nani aniambie? Yamenipata mwenyewe! Nilikuwa nalala dirisha wazi, mume wangu anajifunika mpaka mkeka."

Binti yangu alicheka, kisha akatoka haraka. Mimi nikatazama makaa. Je, jambo lililompata mmoja ni ushahidi juu ya mwingine? Nikaamua twende kwa daktari, sote watatu.

Daktari, mwanamke, alipouliza hedhi ya mwisho ilikuwa lini, shemeji alinishika mkono akanitoa nje.

"Shemeji, benchi lako lile pale," akasema, akarudi ndani.

Basi mimi, nisiyekubali habari za mtu wa pili, nikapokea habari za mwanangu kwa kinywa cha shemeji: kwamba si ugonjwa, ni umri, kwamba kusahau na kukosa usingizi huandamana nao mara nyingi, kwamba tiba zipo, na daktari atamchagulia inayomfaa. Nikauliza itachukua muda gani, na kwa nini umri umguse mpaka kichwani, asahau maneno.

"Muulize binti yako," akasema, akijua kwamba sitauliza.

Siku ya mwisho ya likizo binti yangu aliketi karibu nami.

"Baba, neno likinitoka tena darasani, nifanyeje?"

"Nyamaza, uwatazame. Watadhani unawapima, watalitafuta wao."

"Na jasho likinitoka?"

"Sijui, mwanangu."

"Hata mimi sijui," akasema, akaenda kufungasha vitabu vyake vya kufundishia. Kama ni dawa aliyopewa na daktari iliyomgeuza akubali kurudi shuleni, au shemeji, au amechoka tu kuogopa, sikuweza kutambua. Nilimsaidia kufunga begi.