Utaratibu wa Ergash

Ergash alikuwa mpishi mkuu wa pilau za harusi mjini Margilan, na jikoni kwake watu hawakuruhusiwa kusemezana. Kila neno lilipitia kwake. Muhabbat, mkata karoti, akitaka kumwambia Soliha alete mchele, alimweleza Ergash, naye akamweleza Soliha, aliyekuwa amesimama ubavuni pa Muhabbat.

"Bila utaratibu hapa pangekuwa kama sokoni," Ergash alipenda kusema.

Kila harusi, pilau iliyopaswa kuliwa alfajiri iliwafikia wageni jua likiwa utosini, naye aliwalaumu wanawake kwa uvivu.

Kisha, siku ya harusi moja kubwa, jino lilimvimbisha shavu hata kinywa kikakataa kufunguka. Alibaki kunguruma na kupunga mwiko.

"Dada, anasemaje?" Soliha aliuliza.

"Anatutakia kazi njema," alijibu Muhabbat. "Lete mchele, nyama imeiva."

Siku hiyo wageni walikula alfajiri, kama desturi inavyotaka, na sahani zikarudi tupu. Ergash alizitazama, machozi yakamlengalenga.

Shavu lilipopona aliwaita wote wawili.

"Mmeona? Nimewafundisha mpaka sauti ikakauka, na hatimaye yamewaingia. Sasa tunakaza zaidi. Hata mkitaka kukohoa, mniambie kwanza."

"Sawa, kaka," walisema.

Alipogeuka kuonja chumvi, Soliha alinong'ona, "Dada, hana jino jingine bovu?"

"Namwombea," alisema Muhabbat, akaendelea kukata karoti.