Saa Tisa Usiku, Jua la Utosi

Baba yangu alikuwa na sheria moja tu kuhusu posa: washenga waingie uani kwetu Msanzi kabla ya saa nne asubuhi. Wakichelewa, warudi walikotoka na wasije tena. "Na saa yenyewe ni ya redio," alisema, "maana saa za mkononi za watu wa hapa kila moja ina dini yake." Mchumba wangu alitoka kwa wafugaji waliohamia kutoka kaskazini magharibi, na Baba alishaapa mbele ya kaka yake kwamba watu hao hawana saa, wana ng'ombe. Mimi kijana yule nilimpenda mpaka nikakonda, kwa hiyo sheria ile ilinikaa kooni.

Redio ndiyo iliyonilisha. Enzi hizo watu binafsi walikuwa wameanza kuruhusiwa kufungua vituo, na chetu kilikuwa nyumba ya vyumba vitatu pale Chanji, mjini Sumbawanga, yenye kompyuta moja iliyochoka. Fundi wake nilikuwa mimi. Hata sauti ya kutaja saa ilikuwa yangu: nilirekodi vipande vipande, "sasa ni", "saa tatu", "kamili", "asubuhi", na siku zote za wiki, programu ikawa inaviunga yenyewe kila saa mpya inapoingia, ikiamshwa na kengele ya kompyuta.

Ijumaa, washenga wakitarajiwa kesho yake, nikajitia ujuaji. Nilikuwa nimeletewa sidii kutoka Dar yenye programu mpya ya kupiga muziki, nayo ikadai maktaba mpya ya mfumo, yaani fungu la programu ndogo zinazotumikia nyingine. Maktaba hiyo ndiyo tarishi: programu ikitaka kujua saa haiendi yenyewe, inaituma maktaba ikaulize kwenye kiini cha mfumo, kule ndani kabisa. Nikabadilisha maktaba. Kiini nikakiacha kilekile cha zamani, kisa basi la Msanzi lilikuwa linapiga honi. Muziki ulilia vizuri, nikafunga mlango nikaondoka kichwa juu kama nimeshaolewa.

Jumamosi saa nne ikafika, washenga hakuna. Saa tano, hakuna. Mimi nilikuwa nimefichwa jikoni na shangazi, maana anayeposwa haonekani, nakoroga uji wa ulezi huku machozi yakidondokea humo humo. "Usitie chumvi," shangazi akaniambia, "uji huu una sukari."

Inakaribia saa sita ndipo nikasikia pikapu ikikohoa. Washenga watatu wakashuka na vumbi mpaka kwenye kope. Gari lilikuwa limewafia njiani. Nikachungulia kwenye ufa wa mlango. Baba hakuwapa viti, lakini hakuwafukuza pia. Akawauliza habari za nyumbani, za ng'ombe, za njiani, halafu za ng'ombe tena. Nilimkasirikia, jamani! Kama ni kunikatalia si anikatalie, ananikaanga kwa moto mdogo wa nini?

Mwishowe akasema, "Haya. Mimi ni mtu wa sheria. Tuisikilize redio."

Akaiwasha. Wimbo ukaisha, halafu nikasikia sauti yangu mwenyewe, tamu, imejaa kujiamini: "Sasa ni saa tisa kamili usiku, Alhamisi."

Mama yangu weee! Nilielewa palepale, mwiko mkononi. Maktaba mpya ilikuwa inauliza saa kwa ombi la mtindo mpya. Kiini cha zamani hakijawahi kulisikia ombi hilo, kikajibu hakilijui. Programu yangu nayo, jeuri kama mimi niliyeiandika, haikulikagua jibu. Ilibaki na sifuri ikaisoma hivyo hivyo. Na sifuri ya kompyuta ni mwanzo wa mwaka 1970, saa sita usiku kwa saa ya Greenwich. Ongeza saa zetu tatu, unapata saa tisa usiku, na siku hiyo ilikuwa Alhamisi.

Na jua liko utosini. Baba mkubwa akaguna kwamba redio imeharibika.

"Kaka," Baba akamkatiza, "sauti hiyo ni ya mwanangu, na mwanangu simjui kwa uongo." Akawageukia wageni. "Basi mmewahi. Ila watu wazima mnakuja kuposa saa tisa usiku, ninyi ni washenga au wezi?"

Walicheka mpaka vumbi likawatoka. Viti vikaletwa, uji ukanywewa na chumvi yake, posa ikapokelewa.

Jumatatu nikairudisha maktaba ya zamani, saa zikakaa sawa. Kwa miaka mingi nilisimulia kisa hiki kama bahati ya mtende, mpaka tulipokwisha kumzika Baba na nikakisimulia tena tumekaa msibani. Mama akanitazama.

"Bahati gani? Redio ilikuwa inataja saa tisa usiku tangu alfajiri. Baba yako anaisikiliza, anacheka peke yake, halafu anaizima upesi, usije ukasikia ukakimbilia Chanji kuitengeneza. Wale wageni walipofika, saa sita ilikuwa bado kidogo, na redio hutaja saa inapoingia tu. Ndiyo maana akawauliza ng'ombe mara mbili."